Taa Iliita, Nami Sikuiona

Mshauri wangu mpendwa, msaada ninaokuja kuuomba unahusu watu ninaowashukuru, na hiyo ndiyo sababu kalamu inaniwia nzito, maana mtu akikutendea ubaya unajua pa kuanzia kulalamika, lakini aliyekutendea wema miaka yote akitaka kukuchukulia kitu unachokipenda kuliko vyote, utaanzaje kumwambia hapana?

Mimi ni mshonaji wa mapazia. Ninafanya kazi nyumbani, katika chumba cha nyuma, na mume wangu hufunga viyoyozi, kazi inayompeleka mbali kwa wiki nzima wakati mwingine. Mwaka wa pili wa ndoa yetu niliugua homa kali nikalazwa, na nilipopona masikio yangu yalibaki hospitalini. Hivyo ndivyo mama mkwe wangu anavyowasimulia watu, nao hucheka, nami hucheka pamoja nao, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu siku zote zile akinilisha uji kwa kijiko, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba nikimtazama mdomo ninamwelewa. Tangu hapo hajapata kusema nami bila kunigusa bega kwanza, akasubiri nigeuke, ndipo afungue mdomo. Aliwafundisha majirani wafanye hivyohivyo, akamfundisha muuza maziwa, akawafundisha hata wateja wangu; huwasimamisha mlangoni na kuwaambia, "Msiseme na kisogo chake, hakina masikio." Mshauri, watu wenye mama mkwe wa namna hii ni wachache, nami nalijua hilo.

Mtoto wetu alipozaliwa, Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, alifunga safari akaja kunisaidia kumlea, na mume wangu naye akaja na wazo la taa. Alikuwa ameziona katika nyumba ya mteja mmoja, taa zinazobadilika rangi kwa kuamriwa na simu, akaniambia, "Sisi wengine tunaitwa kwa sauti, wewe utaitwa kwa rangi." Siku aliponiambia hivyo niliacha pasi juu ya kitambaa cha mtu mpaka kikaungua.

Hatukupatia mara moja. Balbu za kwanza tulizouziwa zilikuwa za kubadilika zenyewe, nyekundu, zambarau, kijani, bila kumsikiliza mtu, na Mama akasema sebule yetu imekuwa ukumbi wa harusi, imebaki kuletwa maharusi tu. Tukazirudisha. Za pili zilikuwa za kuzungusha na vishikio vyetu ni vya kupachika. Mwishowe ilibidi aitwe shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni fundi umeme na mtaa mzima unamwita Shoti kwa sababu ya siku moja ambayo yeye mwenyewe hapendi ikumbushwe. Shoti alibadilisha vishikio, akafunga balbu zinazofaa, akaziunganisha na intaneti ya nyumbani, akaweka kando ya kitanda cha mtoto kidude kidogo kinachosikiliza sauti, ili mtoto akilia, taa ya chumba chochote nilichomo ibadilike rangi. Kisha akatukalisha wote akatueleza kwamba swichi ya ukutani isizimwe kamwe, kwa sababu balbu hizi zikikatiwa umeme ukutani haziwezi kusikia amri yoyote.

Hapo sote tulimtazama Mama. Yeye ni mtu ambaye hajawahi kupita mbele ya swichi inayowaka akaiacha. Alilelewa hivyo, akawalea wanawe hivyo, na kwake taa ya mchana ni dhambi ndogo. Lakini alisema sawa, na kweli amejizuia. Anapopita kwenye korido hufunga mikono mgongoni kama mtu anayetembea katika duka la vyombo vya kioo. Shoti humtania kwamba anaonekana kama askari wa gwaride, naye humjibu, "Nimeshikwa na serikali ya mtoto."

Kazi ya kuchagua rangi niliachiwa mimi, nami nilifurahi mno, kwa sababu rangi ndiyo riziki yangu. Jikoni tuna pazia la kijani, nikachagua kijani. Sebuleni ni manjano, nikachagua manjano. Katika chumba changu cha kushonea kuna pazia la buluu linaloziba dirisha zima la upande wa machweo. Hilo ndilo ninalowaonyesha wateja kama mfano, na jua la alasiri likilipiga chumba kizima hugeuka buluu, ukuta, meza, hata vidole vyangu, mpaka wateja huingia wakanyamaza. Nikataka taa nayo iwe ya buluu ileile, wala si ya kukaribiana, na nikaisogezasogeza kwenye simu hadi Shoti akalalamika kwamba miguu imemfa ganzi juu ya ngazi. Kila aliyeona alisifu.

Jioni ya kwanza nilikuwa nikishona huku mume wangu na Mama wakiwa uani, mara nikaona kitambaa cheupe mikononi mwangu kimegeuka buluu. Nilikimbia. Nilimkuta mtoto amekunja ngumi, mdomo wazi, na aliponiona akaufunga. Mshauri, nilikaa chini sakafuni nikalia, kwa maana mwanangu aliniita nami nikaitika, na sikuwa nimetarajia kuipata zawadi hiyo katika maisha yangu.

Sasa nifike penye kidonda. Juzi alasiri Mama alikwenda kuangaliwa magoti yake, na mimi nikabaki na mtoto peke yetu mchana kwa mara ya kwanza, kwani siku nyingine zote Mama huwepo, na mtoto akilia mchana humnyanyua kabla mimi sijainuka. Nilimlaza, nikaenda kushona. Sikusinzia, sikutoka, na kila nilipomaliza pindo niliinua macho kuitazama taa. Sikuona kitu. Kisha nikaguswa bega. Nikageuka, Mama amesimama, mtoto yuko begani mwake ameloa, uso umevimba kwa kulia, na kifua bado kinarukaruka. Nikamtazama Mama mdomoni, nikisubiri. Hakuufungua.

Shoti alikuja jioni alipotoka kazini. Nilimwambia aangalie swichi kwanza, nayo ilikuwa inawaka, haikuguswa. Akaweka simu yenye sauti ya mtoto analia kando ya kile kidude, na taa ya chumba cha kushonea ikawaka buluu safi, mwanga ukafika hadi koridoni. Akajaribu tena na tena. Mwishowe akaniambia huku akitazama sakafu, "Taa ni nzima, shemeji." Hakuna aliyemalizia maneno yaliyobaki, lakini kila mtu aliyasikia, hata mimi.

Usiku huo mezani Mama aligeuza uso akasema na mume wangu. Aligeuza uso, mshauri, yeye aliyewafundisha watu wote. Niliona kisogo chake na kilemba chake, na mbele yake nikaona midomo ya mume wangu ikijibu, "Mama, hapana," na baada ya muda ikauliza, "Kwa muda gani?" Hilo la pili ndilo lililoniumiza.

Baadaye mume wangu alinieleza. Mama anataka akirudi kwake mwisho wa mwezi aende na mtoto, akamlee hadi atakapoweza kutembea, aje mwenyewe kunivuta nguo akinihitaji. Mume wangu ananiambia hatanilazimisha, uamuzi ananiachia mimi, na yeye wiki ijayo anasafiri. Nikisema hapana nitaonekana nimemtupia Mama wema wake usoni, na je, mtoto akilia tena nisimwone, akapaliwa, nitamwambia nini mtu yeyote? Nikisema ndiyo, mwanangu atajifunza kutembea kwa kuelekea mikono ya mtu mwingine. Nimefikiri labda tununue taa nyingine za bei kubwa zaidi, nimefikiri labda ni macho yangu nayo yanaondoka kama masikio, na nimefikiri labda Mama amesema kweli. Nisaidie, na tafadhali usimseme vibaya.

Ni mimi,
Mshona Mapazia

*

Mshona Mapazia,

Sentensi zako ni ndefu kama mapazia ya ukumbi, lakini nimezisoma zote hadi kwenye pindo, na nashukuru hukuzipunguza, kwa kuwa jibu lako umeliandika humohumo bila kujua. Nikupe kwanza lile fupi ili upumue. Mtoto haendi popote. Taa mpya usinunue. Macho yako ni mazima.

Sasa kaa vizuri, kwa sababu nitakugombeza kidogo.

Umeniambia kwamba jua la alasiri likipiga pazia lako, chumba kizima hugeuka buluu, pamoja na vidole vyako. Mistari michache baadaye ukaniambia kwamba taa ya kukuita ni ya buluu ileile, tena ukajisifu kwamba si ya kukaribiana. Ndugu yangu, ulitarajia kuona nini? Mwanao alikuita kwa rangi ambayo ilikuwa tayari imejaa chumbani tangu jua lilipogeuka. Ni sawa na mtu anayenong'ona katikati ya kelele za soko. Taa iliwaka juzi, sina shaka yoyote, na iliwaka muda wote ule mtoto alipokuwa akilia. Wewe uliinua macho ukaona chumba chako kilivyo kila siku alasiri.

Hili ni kosa la mshonaji hodari. Mtu asiyejua rangi angechagua rangi yoyote ya ovyo, na juzi ungekimbia ukamnyanyua mtoto wako. Wewe umefundishwa kwamba vitu vya chumba kimoja vipatane, na kwa mapazia ni kweli. Taa ya kuita haitakiwi kupatana na kitu chochote. Inatakiwa iwe mgomvi, iingie chumbani kama mgeni asiye na adabu, kila mtu ageuke. Ulipamba mahali ulipotakiwa kushtua. Jikoni na sebuleni umefanya vilevile, na ni bahati tu kwamba hujapatwa huko.

Naye shemeji yako Shoti apokee salamu zangu na karipio lake. Alikuja jioni, jua limekwisha kuzama, akaijaribu taa ya buluu katika chumba kilichokuwa giza, akatoa hukumu. Huyo amepima mwavuli siku ya kiangazi. Kosa lilitokea alasiri, basi lipimwe alasiri. Mwite saa ileile, jua likiwa juu ya pazia, aiache simu yenye sauti ya mtoto kando ya kile kidude, kisha asimame mlangoni kwako pamoja na mumeo na mama mkwe wako. Wao wana masikio na macho pia. Waambie wakuonyeshe taa inapobadilika. Nataka mama mkwe wako awepo hapo na aone kwa macho yake kwamba wenye masikio wamesimama wakakodoa bila kuona chochote. Baada ya hapo usiseme neno. Waache wajisemee wenyewe.

Kisha fanyeni kazi. Rangi ya chumba cha kushonea iwe ya kugombana na buluu, kama nyekundu kali au ya chungwa, na mwangaza uongezwe hadi mwisho. Rangi peke yake haitoshi mchana, kwa hiyo shemeji aipange taa iwake na kuzima, iwake na kuzima, mpaka mtoto anyamaze. Jicho la binadamu hukamatwa upesi zaidi na kitu kinachochezacheza kuliko kitu kilichotulia. Tena taa hiyo iko darini, nawe mshonaji huinama. Chukueni balbu moja kati ya zile za sebuleni, ambako zilizobaki zinatosha, iwekwe kwenye taa ndogo ya mezani mbele ya cherehani, pale macho yako yanapokuwa hata ukitunga uzi. Kila chumba kijaribiwe asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku, pazia likiwa wazi na pazia likiwa limefungwa. Na umeme ukikatika, au intaneti ikigoma, usiitegemee taa yoyote: kitanda cha mtoto kinahamia kando ya cherehani yako mara moja, bila mjadala, hata kama mteja anasubiri.

Hayo ni ya taa. Sasa ya watu.

Mumeo ananisikitisha. Mwambie nimesema kwamba "nakuachia wewe" si jibu la baba. Alikuletea taa, na kwa hilo mshukuru, kwa sababu ni wazo la mtu anayekupenda. Lakini mama yake alipotoa shauri la kumchukua mtoto, mtu aliyepaswa kusema hapana mara mbili alisema mara moja, kisha akauliza bei. Kabla hajasafiri akae na mama yake, amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mtoto anabaki. Uzito huo usiubebe wewe.

Mama mkwe wako umeniomba nisimseme vibaya, na sina sababu ya kumsema vibaya. Alimkuta mjukuu wake amelia hadi amevimba. Bibi ambaye hangeogopa hapo nisingemwamini. Hakuja na shauri lake kwa chuki wala kwa kutaka kukunyang'anya. Alikosea jambo moja, nalo ni kugeuza uso. Hilo usilimeze, kwa sababu likikaa tumboni litaoza na kuharibu hata ule uji wa hospitalini. Mguse bega, kama yeye alivyokufundisha, msubiri ageuke, umwambie hivi: "Mama, jambo lolote la mwanangu, liwe zuri au baya, niambie nikikutazama." Uishie hapo. Usiongeze machozi, usiongeze historia. Yule aliyewasimamisha wateja mlangoni ataelewa kwa sentensi moja, na nadhani amekwisha kujutia kisogo chake kabla hujafika.

Unaogopa kwamba ukikataa utaonekana huna shukrani. Ndugu yangu, shukrani hailipwi kwa mtoto. Mama huyu alikulisha kwa kijiko ili upone ukawe mtu kamili nyumbani mwako, na ukimpa mwanao ukabaki kumtembelea, kazi yake yote ya kando ya kitanda kile itakuwa imepotea. Namna ya kumshukuru ni kumwonyesha kwamba umepona.

Basi mpe kazi. Mwombe yeye achague rangi mpya za kila chumba. Wewe usichague tena, sababu umeshatuonyesha. Mkalishe sebuleni na simu mkononi, Shoti juu ya ngazi, mwambie atafute rangi mbaya kuliko zote, inayogombana na pazia vibaya kabisa. Kwa jinsi ulivyomweleza, ataifurahia kazi hiyo, na maneno yake kuhusu ukumbi wa harusi utayasikia upya. Nawe utaumia roho kuona chumba chako kinaharibiwa hivyo. Umia, ukiwa na mwanao nyumbani.

Baada ya hapo, kabla hajaondoka, mwombe jambo moja gumu. Alasiri moja akae chumbani kwa mtoto, kwenye kiti, nawe uende kushona na kufunga mlango. Mtoto atalala, ataamka, atalia kama kawaida ya watoto. Mama asimnyanyue. Asimbembeleze, asije kukugusa bega. Akae tu. Mwanamke aliyeweza kupita mbele ya swichi zinazowaka mchana kwa ajili yako ataweza na hili, ingawa litamwuma zaidi. Pengine itabidi afunge mikono mgongoni tena.

Utaona chumba chako kizuri kimevamiwa na ile rangi mbaya aliyoichagua yeye. Simama uende. Ukifungua mlango utawakuta wote wawili wanakutazama, mmoja analia na mwingine anajizuia. Mnyanyue anayelia kwanza. Huyo mwingine mshukuru baadaye, kwa kirefu, na akiwa amekutazama.